Kutamka Si Kusoma



Leo naomba tulizungumzie jambo ambalo wengi hudhani lilikwisha tangu shule ya msingi, nalo ni kusoma. Simaanishi kusoma kwa maana ya kwenda shule; namaanisha kitendo chenyewe cha kukaa mbele ya maandishi na kutoka na maana iliyomo. Dai langu ni hili: katika madarasa mengi ya sekondari hapa Uganda, mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kuyatamka maandishi, kisha hupewa alama kana kwamba ameyasoma. Hasara yake haionekani siku ya mtihani. Huonekana baadaye, mtu huyo anapokuwa raia mzima, kalamu mkononi, na karatasi ya kutia sahihi mbele yake.

Kabla hamjanibishia, someni kifungu hiki kifupi:

"Tupene alibungia kisanjo kando ya mgwasi. Alipokwisha kukibungia, alikifuzika ndani ya tolima lake, kwa sababu mashoke yalikuwa yamepalama."

Sasa jibuni maswali. Tupene alibungia nini? Alikibungia wapi? Kwa nini alikifuzika ndani ya tolima lake? Naamini kila mmoja wenu amekwisha kujibu yote matatu. Alibungia kisanjo, alikibungia kando ya mgwasi, alikifuzika kwa sababu mashoke yalikuwa yamepalama. Mngekuwa darasani mngepata alama tatu kwa tatu, na pengine mwalimu angeandika "Vizuri sana" kwa wino mwekundu. Ilhali maneno hayo nimeyabuni mwenyewe. Hakuna kisanjo, hakuna mgwasi, wala hakuna mtu aliyewahi kubungia kitu chochote.

Hivyo ndivyo maswali mengi ya ufahamu yanavyojibiwa. Mwanafunzi hulitazama swali, hutafuta katika kifungu sentensi yenye maneno yanayofanana na ya swali, huinakili, kisha huendelea na swali linalofuata. Ni ustadi, sikatai, tena unaohitaji jicho kali. Lakini ni ustadi wa kulinganisha maumbo. Hebu ongezeni swali la nne: Je, Tupene alifanya jambo la busara? Hapo kalamu zote husimama. Hakuna awezaye kuihukumu busara ya kufuzika kisanjo pasipo kujua kisanjo ni nini.

Kiswahili chenyewe huchangia katika udanganyifu huu, na nisemapo hivyo sikilaumu. Tahajia yake ni nyoofu: neno huandikwa jinsi linavyotamkwa, irabu ni tano tu, na mkazo, isipokuwa katika maneno machache, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto anayezungumza Luganda au Lusoga nyumbani hufika kidato cha kwanza akiwa na irabu hizo tano kinywani tayari. Baada ya majuma machache anaweza kusimama na kuusoma ukurasa mzima kwa sauti tamu pasipo kukwama, na wageni waliokuja kuitazama shule wakapiga makofi. Kiingereza hakina ukarimu huo. Tahajia yake humfichua upesi mtu asiyelijua neno, kwa kuwa hata kulitamka hawezi. Kiswahili humsitiri. Kwa sababu hiyo, mwalimu wa Kiswahili anapomsikia mwanafunzi akisoma bila kosa hata moja, anapaswa kuwa na shaka kubwa kuliko mwenzake wa Kiingereza.

Kwa nini nalitaja jambo hili sasa? Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikwisha kukitaja, katika ibara ya 6, kuwa lugha rasmi ya pili itakayotumika katika mazingira yatakayowekwa na Bunge kwa sheria. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike kama lugha rasmi. Nao Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika ibara ya 137, unaelekeza kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya nzima. Maandishi ya Kiswahili, basi, yanatujia. Yatakuja kama fomu, kama matangazo, kama mikataba ya kazi na mikopo. Hayatakuja kama vifungu vya ufahamu vyenye maswali matano chini yake.

Nendeni Busia au Malaba mkajionee. Katika Jumuiya yetu upo utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo wa mpakani: mtu anayevusha bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, anaweza kupewa cheti chepesi cha uasili wa bidhaa na asitozwe ushuru wa forodha. Katika maelezo hayo mafupi yamo masharti matatu. Anayeyaelewa yote matatu hufika mpakani akijua haki yake, na pia akijua mahali ambapo haki hiyo inakomea. Anayejua kuyatamka tu humtafuta kijana wa kumsaidia, humlipa, na hurudi nyumbani akiamini kwamba malipo yale yalikuwa sehemu ya ushuru.

Hapa nchini petu kusoma kuna historia yenye heshima, nami huwa napenda kuitaja japo kwa ufupi. Katika karne ya 19, Kiswahili kilisikika katika ua wa Kabaka Mutesa wa Kwanza kabla ya Kiingereza, kwa kuwa kilikuja na wafanyabiashara kutoka pwani. Waganda waliozipokea dini mpya, Uislamu kwanza na Ukristo baadaye, waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Hata leo, kwa Luganda, mtu anayekwenda kanisani siku ya Jumapili huambiwa anakwenda "kusoma". Abasomi hao hawakuitwa hivyo kwa ajili ya sauti nzuri. Walikuwa watu wanaoyajadili yaliyoandikwa, wakabishana juu yake, na katika muda mfupi wakawa nguvu ambayo hakuna aliyeweza kuipuuza katika siasa za Buganda.

Turudi darasani. Jambo la kwanza ninaloliomba ni kimya. Kifungu kipya kisomwe kimya kwanza, kila mmoja na macho yake, kwa dakika tano au kumi. Mwanafunzi anayesoma kwa sauti mbele ya wenzake arobaini ana kazi nyingi: kuogopa kuchekwa, kupumua, kuikazia sauti silabi inayostahili, kuufuata mstari. Kazi ya kuelewa huikuta akili imejaa. Na wale arobaini waliobaki humsubiri akosee, ama hesabu zao ziko kwenye aya ambayo wataitwa kuisoma wao. Kusoma kwa sauti kuna mahali pake, nami sikupigi vita. Shairi lisiposomwa kwa sauti limesomwa nusu, na tamthilia vivyo hivyo. Ila kuje baadaye, watu wakishajua wanachokisema.

Katika kimya hicho mwanafunzi afanye nini? Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye utajiri.

Aanze na kitenzi, kwa kuwa humo ndimo Kiswahili kilimohifadhi habari zake nyingi. Tazameni sentensi hii: "Hawakumwambia kwamba angelipwa." Ni maneno matatu tu. Kitenzi cha kwanza kinatueleza kwamba walikuwapo watu zaidi ya mmoja, kwamba jambo halikutendeka, kwamba wakati wake umepita, na kwamba alikuwapo mtu mmoja aliyestahili kuambiwa. Kitenzi cha pili kinamtaja mtu mmoja, kinatuambia kwa "-nge-" kwamba malipo hayo yalitegemea jambo jingine, na kwa ile "-w-" ndogo kinatujulisha kwamba mtu huyo ni mpokeaji wa kitendo. Sasa swali: aliyekuwa alipwe ndiye huyo aliyenyimwa habari, au ni mtu mwingine? Sentensi yenyewe haisemi. Msomaji hana budi kurudi nyuma, kwenye sentensi zilizotangulia, akatafute. Kule kurudi nyuma ndiko kusoma. Wengi hudhani kwamba anayerudi nyuma ni dhaifu na kwamba hodari ni yule anayekwenda mbele tu kama gari lisilo na breki. Ni kinyume chake.

Kisha afuate ngeli kama mtu anayefuata uzi. "Barua ya mwenyekiti ilifika pamoja na kitabu cha risiti, lakini hakikusomwa na mtu." Kitu gani hakikusomwa? Kiambishi "ki-" kimekwisha kujibu: kitabu. Andikeni "haikusomwa" na habari yote hubadilika, maana sasa barua ndiyo iliyopuuzwa. Wanafunzi wengi hulalamika kwamba ngeli ni mzigo wa kukariri. Nawaelewa. Jedwali la ngeli likibandikwa ukutani peke yake ni mzigo kweli. Lakini ngeli haikuwekwa katika lugha ili watu watungiwe mitihani. Imo humo ili msomaji asipotee katika sentensi ndefu. Hata katika kile kifungu cha Tupene, ambacho hakina maana, mliweza kujua kwamba alichokifuzika ni kisanjo. Sarufi ilikuwa inawashika mkono hata mahali ambapo palikuwa patupu.

Jambo jingine ni kamusi. Nimewaona wanafunzi wenye bidii wakilitafuta neno "walipokimbilia" chini ya herufi W, wasilione, wakahitimisha kwamba kamusi ya shule haikukamilika. Kamusi za Kiswahili huorodhesha vitenzi kwa mashina yake. Lazima kwanza uvue viambishi, kama mtu anayemenya ndizi, ndipo ubaki na "kimbia". Na nomino nazo zina ujanja wake: "nyuso" hutafutwa kwenye "uso", "kuta" kwenye "ukuta", "meno" kwenye "jino". Asiyejua hili atakuwa na kamusi mezani nayo haitamfaa zaidi ya tofali. Kipindi kimoja tu cha kufundisha kutafuta maneno kina faida kuliko orodha kumi za msamiati zilizonakiliwa ubaoni.

Tena yapo maneno ambayo mwanafunzi anayajua tayari bila kujua kwamba anayajua. Anayezungumza Luganda ana "omuntu", "ennyumba", "ennyama" na "amazzi". Hawezi kushindwa na mtu, nyumba, nyama na maji. Ahimizwe kulitumia daraja hilo, lakini aonywe pia kwamba lina mashimo. "Okutunda" kwa Luganda ni kuuza, ilhali "tunda" la Kiswahili ni embe au papai. Mwanafunzi anayekutana na sentensi "Mama alinunua tunda" anaweza kukwama akijiuliza mama ananunua au anauza. Mwanafunzi wa Kiteso, Kiacholi au Kilugbara hana daraja hilo kabisa, kwa kuwa lugha yake haimo katika jamii ya lugha za Kibantu. Katika darasa lenye mchanganyiko, mwalimu anayesema "neno hili ni rahisi, linafanana na letu" amewafungia mlango baadhi ya watoto. Letu la nani?

Hayo yote ni kazi ya kupata kilichosemwa. Baada yake huja kazi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayomtofautisha raia na mtawaliwa: kuona ambacho hakikusemwa. Nitumie mfano wa tangazo nililolitunga kwa ajili ya somo.

"Wazazi wanaarifiwa kwamba imeamuliwa kila mwanafunzi achangie shilingi 15,000 kwa ukarabati wa vyoo. Mwanafunzi ambaye mchango wake hautakuwa umepokewa kufikia Ijumaa hataruhusiwa kuingia darasani, isipokuwa awe na kibali."

Maswali ya kawaida yangekuwa: Kila mwanafunzi atachanga shilingi ngapi? Fedha hizo ni za nini? Siku ya mwisho ni ipi? Majibu yote yamo, tayari kunakiliwa. Lakini hebu hesabuni vitenzi vyenye kiambishi cha kutendwa: wanaarifiwa, imeamuliwa, umepokewa, hataruhusiwa. Vinne katika sentensi mbili, na hakuna hata kimoja kilichofuatwa na neno "na" likamtaja mtendaji. Nani anaarifu? Nani aliamua, na katika kikao gani? Nani atapokea fedha, na je, atatoa risiti? Kibali hutolewa na nani, na kwa masharti yapi? Tangazo limesema mengi kuhusu wajibu wa mzazi, na halikusema lolote kuhusu wajibu wa mtu mwingine yeyote.

Kauli ya kutendwa si dhambi. Mara nyingine mtendaji hajulikani, au hana umuhimu. Hata katika makala hii nimeitumia mara nyingi. Ila msomaji aliyefundishwa huisikia kengele kila anapokutana nayo katika maandishi ya umma. Vivyo hivyo kauli ya kutendeka. "Daraja limebomoka" na "daraja limebomolewa" hupishana kwa silabi chache, lakini ya kwanza hutuambia kwamba limeanguka lenyewe, na ya pili kwamba yupo aliyeliangusha. Yawezekana kwamba mto ulifurika na ya kwanza ndiyo kweli tupu. Yawezekana pia kwamba mkandarasi alipunguza saruji. Msomaji hawezi kujua kwa kulitazama neno, lakini anaweza kuuliza, na hataweza kuuliza kama hakuuona mlango wa swali. Na mtu akiwaambieni kwamba fedha "zimepotea", kumbukeni kwamba fedha hazina miguu.

Waangalieni pia wale maneno wadogo wanaokaa pembeni mwa sentensi kama askari wa lango: isipokuwa, endapo, ilimradi, angalau, kufikia, pasipo. Niwie radhi, mwalimu mwenzangu wa sarufi, kwa kuwapa maneno ngeli ya watu. Nimefanya hivyo makusudi, kwa sababu kweli wana mamlaka. Katika mkataba wa mkopo wa ushirika wa akiba, fungu zima la haki linaweza kufutwa na neno "isipokuwa". "Anaweza kurejeshewa" si sawa na "lazima arejeshewe". Mwanafunzi anayepewa msamiati wa jahazi, tanga na nanga, naye hajawahi kuiona bahari, huku haelewi "ilimradi", amepewa pambo kabla ya nguo. Sisemi jahazi lifutwe. Nasema tu "ilimradi" lije kwanza.

Katiba yetu, katika ibara ya 41, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zile zinazoweza kudhuru usalama wa nchi au faragha ya mtu mwingine. Na tangu mwaka 2005 ipo sheria ya kuitekeleza haki hiyo. Je, mmeliona neno "isipokuwa" hapo? Hata haki kubwa ina lango lake. Lakini haki ya kupewa karatasi ina faida gani kwa mtu ambaye, akishapewa, ataitamka vizuri na kuikunja?

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya chuo kikuu, na kwamba mtoto wa kidato cha pili hayawezi. Nawajibu kwa mfano wa jirani zetu. Mwaka 1973, nchini Tanzania, iliendeshwa kampeni ya afya iliyoitwa "Mtu ni Afya". Watu takriban milioni mbili, wengi wao wakulima wa vijijini, walijiunga katika vikundi vya kisomo. Walikuwa wakikusanyika kusikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu chenye maandishi mepesi, wakajadili habari yao wenyewe: maji yetu yakoje, vyoo vyetu vikoje, mbu wanazaliana wapi? Kisha walitoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Baadhi yao walikuwa wamejifunza herufi miaka michache tu kabla ya hapo. Ikiwa mkulima huyo aliweza kuyaunganisha maandishi na kisima chake, mtoto wa miaka kumi na minne anashindwa na nini?

Pingamizi lililo zito zaidi ni la walimu wenyewe. Darasa lina wanafunzi themanini, vitabu ni sita, na mitihani haingoji. Silipuuzi neno hilo, maana nami nafundisha katika hali hizo hizo. Lakini kimya hakinunuliwi. Tangazo la mistari minne linatosha ubaoni kwa kipindi kizima. Na badala ya maswali kumi ambayo majibu yake yamelala katika kifungu, mwalimu anaweza kuuliza matatu: moja ambalo jibu lake limo waziwazi, moja ambalo jibu lake lazima liunganishwe kutoka sehemu mbili, na moja ambalo jibu lake halimo kabisa ila mwanafunzi anapaswa kueleza atalipata wapi. Kusahihisha maswali matatu ni kazi nyepesi kuliko kusahihisha kumi. Kuhusu mitihani, mtaala mpya unadai kwamba mwanafunzi apimwe kwa uwezo wa kutumia alichojifunza. Basi tuuchukulie mtaala kwa neno lake, hata pale ambapo vitabu vya mazoezi vilivyomo madukani bado vinauliza kuhusu kisanjo na mgwasi.

Nanyi mnaojifunza msimngoje mwalimu. Magazeti makuukuu ya Taifa Leo na Mwananchi huvuka mpaka yakiwa yamefungia bidhaa. Yakunjueni kabla hamjayatupa. Habari moja fupi kwa siku, isomwe mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya kujua nini kilitokea, mara ya pili kwa ajili ya kuhesabu ni nani waliozungumza ndani yake na ni nani walionyamazishwa. Anayetaka kitu kirefu zaidi atafute Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996. Kijana wake husafiri kutoka Tanga hadi Kitale, karibu na Mlima Elgon wetu, na lugha yake ni tamu bila kuwa ngumu kupita kiasi. Mkikutana na neno msilolijua, msisimame papo hapo. Endeleeni hadi mwisho wa aya, mbuni maana yake kutokana na majirani zake, ndipo mfungue kamusi mwone kama mlikaribia.

Na sasa zoezi. Tangazo lifuatalo nimelitunga, ila yanayofanana nalo mtayakuta penye miti mingi ya vijiji vyetu.

"Watumiaji wa kisima wanakumbushwa kwamba ada mpya itaanza kutozwa mwezi ujao. Kaya ambazo hazijakamilisha malipo ya awali hazitahudumiwa. Malalamiko yawasilishwe kwa kamati kabla ya ada hiyo kuanza."

Lisomeni kimya, mara mbili. Kisha jibuni: Ada mpya ni kiasi gani? Ni vitenzi vingapi vinavyomficha mtendaji, na ni vipi? "Malipo ya awali" ni ya tangu lini? Ikiwa tangazo lilibandikwa jioni ya tarehe 28 Juni, bibi ambaye bado hajalipa ana siku ngapi za kulalamika? Mwishowe, mwandikieni mwenyekiti wa kamati barua ya adabu isiyozidi mistari minane.

Swali la kwanza msilitafutie jibu katika tangazo, kwa kuwa halimo. Litieni katika barua.